Kumsimamia Mwanafunzi wa Utafiti wa Elimu: Nguvu Ziwekwe Mwanzoni

Kila mwaka wa masomo, wahadhiri vijana katika vitivo na shule kuu za elimu hupewa orodha ya wanafunzi wa kuwasimamia: wawili wa uzamili, wanne au watano wa shahada ya kwanza, pengine na mmoja wa uzamivu wa kushirikiana na mwenzao mkubwa. Orodha hiyo haiji na maelekezo, kwa hiyo wengi husimamia kama walivyosimamiwa wao. Mwanafunzi huandika sura nzima peke yake, huileta, msimamizi huijaza wino mwekundu, mwanafunzi hurekebisha pale tu penye wino, na mzunguko huanza upya.

Mzunguko huo huchosha pande zote mbili. Kasoro yake kubwa ni kwamba nguvu nyingi hutumika mwishoni, kwenye tahajia, vichwa vya majedwali na mpangilio wa marejeo, ilhali kilichoharibika kiliharibika zamani, siku swali la utafiti lilipopitishwa bila kuhojiwa. Swali bovu haliponi kwa lugha nzuri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika tasnifu ukuta huo hujengwa wiki mbili kabla ya tarehe ya kukabidhi, data ikiwa imeshakusanywa na nauli imeshakwisha.

Ushauri huu ni kwa msimamizi anayeanza, hasa wa Tanzania, ingawa mwenzake wa Nairobi au Kampala ataona mengi anayoyafahamu. Una msingi mmoja: nusu ya nguvu zako zote zitumie kabla mwanafunzi hajaenda uwandani.

Kikao cha kwanza kiwe cha makubaliano

Mwanafunzi aliyelelewa kwa adabu zetu hatakupigia simu kukukumbusha kwamba rasimu yake ina mwezi mzima mezani kwako. Atasubiri. Ataona ni kumsumbua mkubwa. Usiiache heshima hiyo igeuke hasara yake; mpe ruhusa waziwazi tangu siku ya kwanza. Mwambie: "Siku kumi na nne zikipita sijakujibu, nitumie ujumbe. Hutakuwa umenikosea."

Kisha mkubaliane mambo haya, yaandikwe, kila mmoja abaki na nakala:

- Mtakutana lini. Nusu saa kila baada ya wiki mbili inafaa kuliko saa tatu mara moja kwa muhula.
- Rasimu itatumwa kwa njia gani. Barua pepe kwa maandishi, WhatsApp kwa kupanga miadi tu. Maoni ya kitaaluma yakitawanyika kwenye ujumbe wa sauti, baada ya miezi mitatu hakuna atakayeyapata.
- Nani ataandika muhtasari wa kikao. Awe mwanafunzi, mistari mitano au sita, siku hiyohiyo: tulichokubaliana, nitakachofanya, kitakuwa tayari lini. Muhtasari huo unawalinda nyote wawili.
- Wasimamizi wakiwa wawili, nani anasoma kwanza. Mkitofautiana, maliziane wenyewe kabla ya kumrudia mwanafunzi. Hakuna kinachomvunja mwanafunzi kama kupewa maagizo mawili yanayopingana na watu wawili asioweza kuwabishia.

Kabla hajatoka, muulize anaishije. Wanafunzi wengi wa uzamili katika elimu ni walimu wenye ajira. Wengine wamepewa ruhusa ya masomo, wengine hufundisha vipindi sita kisha wakaja darasani jioni. Kuna mwenye mtoto mchanga, kuna anayejilipia ada kwa mkopo wa benki. Ratiba isiyojua hayo itavunjika mwezi wa pili.

Ratiba hiyo ifuate pia kalenda ya shule. Mwaka wa shule Tanzania huanza Januari. Darasa la saba hufanya mtihani wa taifa Septemba, na kuanzia Oktoba hadi Novemba hufuatana upimaji wa darasa la nne, upimaji wa kidato cha pili na mtihani wa kidato cha nne. Anayepanga kukusanya data Novemba atakuta walimu wako kwenye usimamizi wa mitihani na madarasa mengine yamefungwa. Juni na Desemba ni likizo. Vibali vikichukua wiki kadhaa, mwanafunzi mwenye andiko la Agosti huenda asiguse darasa hadi Februari. Chora kalenda hiyo pamoja naye katika kikao hiki cha kwanza.

Kutoka mada hadi swali

Mada nyingi huja hivi: "Athari za mazingira ya kujifunzia katika ufaulu wa wanafunzi wa shule za sekondari, Manispaa ya Morogoro." Inasikika kama utafiti, ndiyo maana hupita haraka. Ihoji kipande kwa kipande. Mazingira yapi: madawati, vyoo, umbali wa kwenda shule, au jinsi mwalimu anavyoongea na watoto? Ufaulu utapimwaje? Akisema atachukua matokeo ya kidato cha nne yanayotolewa na Baraza la Mitihani, muulize: daraja alilopata mtoto baada ya miaka minne, katika masomo saba au zaidi, litakuelezaje habari ya madawati uliyoyahesabu wiki iliyopita? Na ukisema athari, unadai kwamba kitu kimoja kimesababisha kingine. Hojaji iliyojazwa mara moja, siku moja, haiwezi kubeba dai hilo.

Ukishahoji, usimwandikie mada mbadala. Ukimwandikia, ataipokea kwa shukrani na hataimiliki. Mbele ya watahini atakwama kwenye swali la kwanza. Badala yake mpe maswali manne aondoke nayo, ayajibu kwa maandishi, nusu ukurasa kila moja:

1. Umeona nini hasa, na wapi, hata ukataka kuuliza?
2. Nani anaishi na jambo hilo kila siku: mwalimu, mwanafunzi, mzazi, mthibiti ubora wa shule?
3. Ukiingia shuleni kesho asubuhi, utaona, utasikia au utashika nini ambacho ni ushahidi?
4. Jibu gani lingekushangaza?

Swali la nne ndilo kipimo kikali zaidi. Kama hakuna jibu linaloweza kumshangaza, basi ameshaamua atakachosema, na huko shuleni atakwenda kutafuta watu wa kumuunga mkono.

Tuseme mwanafunzi huyo ni mwalimu wa Hisabati. Akijibu swali la kwanza kwa ukweli, huenda akaandika kwamba mkondo wake wa kidato cha kwanza una watoto zaidi ya 80, kwamba jioni zake zinaishia kwenye kusahihisha madaftari, na kwamba wiki inayofuata anakutana na makosa yaleyale. Sasa swali limejitokeza lenyewe: walimu wa Hisabati wenye madarasa makubwa husahihishaje kazi za wanafunzi, na wanafunzi huyafanyia nini masahihisho hayo? Ushahidi wake unashikika mkononi, yaani daftari. Watu wa kuhojiwa wanajulikana. Na jibu halijulikani.

Ukitaka kumwonyesha nguvu ya swali lililonyooka, mpe mfano wa tathmini za Uwezo, zilizoanza Afrika Mashariki kati ya 2009 na 2010 kwa kufuata mfano wa ASER ya India. Waliuliza jambo ambalo mzazi yeyote angelielewa: je, watoto wetu wanaweza kusoma hadithi na kufanya hesabu za kiwango cha darasa la pili? Kisha wakawafuata watoto nyumbani, ili hata wale wasiohudhuria shule wapimwe. Majibu yalitikisa mijadala ya elimu Kenya, Tanzania na Uganda, kwa sababu kati ya swali na kipimo hapakuwa na pengo. Mwanafunzi wako hana watafiti wa kujitolea wa kuzunguka wilaya nzima, lakini ulinganifu ule wa swali na kipimo anaweza kuupata hata katika shule mbili.

Aingie darasani kabla ya kuandika andiko

Mtake mwanafunzi akae shuleni siku mbili kabla ya kuandika andiko la utafiti. Asikusanye data, hana kibali bado. Aombe ruhusa ya mkuu wa shule, aketi nyuma ya darasa, atazame. Wa shahada ya kwanza hawahitaji hata safari, kwa kuwa kipindi cha mazoezi ya kufundisha kinawaweka shuleni kwa wiki kadhaa. Wengi hukitumia kuandaa maandalio ya somo na kumngoja mkaguzi. Wafundishe kukitumia kutazama pia.

Mpe daftari lenye safu mbili. Ya kushoto ni ya alichokiona, ya kulia ni ya alichodhani. "Katika dakika arobaini, mwalimu aliuliza maswali kumi na moja, wasichana walijibu mawili" ni la kushoto. "Mwalimu anawapendelea wavulana" ni la kulia. Zoezi hili dogo ndilo somo la kwanza la mbinu za utafiti, na hufundisha kuliko sura nzima ya nadharia. Kwa mwanafunzi ambaye mwenyewe ni mwalimu ni la lazima zaidi, maana macho yake yamezoea darasa na mambo mengi ameacha kuyaona.

Kusoma maandiko, na kuyajibu

Mapitio ya maandiko mengi huwa msafara wa majina: fulani alisema hivi, fulani akasema vile. Dawa yake ni jedwali la safu tano: mtafiti aliuliza nini, alifanyia wapi na kwa nani, alitumia njia gani, alipata nini, mimi nina swali gani kwake. Safu ya tano isiachwe wazi hata mara moja. Maandiko 15 yaliyosomwa hivyo yana faida kuliko 60 yaliyotajwa tu. Aanze na yaliyo karibu: tasnifu zilizo maktaba, na majarida kama Papers in Education and Development la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako atakutana na shule zinazofanana na zake.

Kuna mazoea mawili ya kuyakata mapema. La kwanza ni pengo la kijiografia: "Hakuna utafiti uliofanyika Wilaya ya Kilosa." Wilaya ambazo hazijatafitiwa ni nyingi. Muulize kuna nini Kilosa kinachoweza kubadilisha jibu lililopatikana Moshi. Wafugaji wanaohama na watoto wao? Mafuriko yanayokata njia ya kwenda shule? Akijibu hilo, pengo lipo. La pili ni kujaza sura ya mbinu kwa fasili. Kitabu cha C. R. Kothari kimewasaidia wanafunzi wengi wa ukanda huu, lakini mtahini anajua sampuli ni nini. Anachotaka kujua ni kwa nini ulichagua shule hizi, na ulifanya nini mwalimu alipokataa kuhojiwa.

Sampuli: hesabu ifuate swali

Hapa pana makosa mengi kuliko mahali pengine, kwa hiyo kaa napo. Kanuni ya Yamane ya mwaka 1967 imekuwa kama sala katika tasnifu zetu: idadi ya walengwa gawanya kwa moja ongeza idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kosa linaloruhusiwa. Kwa walengwa 1,000 na kosa la asilimia 5, unapata 286. Kwa walengwa 20,000, unapata 392. Hesabu ni sahihi. Tatizo ni kwamba imekusudiwa sampuli nasibu sahili, ambamo kila mmoja katika wale 1,000 ana nafasi sawa ya kuchaguliwa. Mwanafunzi hukokotoa 286 kwa kanuni hiyo, kisha huenda shule tatu zilizo karibu na barabara na kuwagawia hojaji waliokuwepo siku ile. Idadi imetoka kwenye kanuni moja, watu wametoka kwenye nyingine.

Mwonyeshe pia kwamba watoto wa mkondo mmoja wanafanana. Wana mwalimu mmoja, ubao mmoja, mtaa mmoja. Tuseme amechukua watoto 300 kutoka mikondo 10, yaani 30 kila mkondo, na kufanana kwao ndani ya mkondo ni 0.2. Zidisha 29 kwa 0.2, ongeza 1: unapata 6.8. Gawanya 300 kwa 6.8. Watoto wake 300 wanampa uhakika ambao angeupata kwa watoto 44 waliochaguliwa mmoja mmoja. Akichukua watoto 300 haohao kutoka mikondo 30, kumi kila mkondo, kigawanyo kinashuka hadi 2.8 na sampuli inakuwa na nguvu ya watoto 107. Fanya hesabu hii naye kwenye karatasi. Ataelewa palepale kwa nini kuongeza shule kunasaidia kuliko kuongeza watoto katika shule ileile.

Shule nyingi zinataka nauli nyingi. Mwanafunzi anayejilipia hana aibu yoyote kuchagua utafiti mdogo wa kina: shule mbili, walimu wanne, vipindi kumi na viwili vya kushuhudia, madaftari ya watoto ishirini. Mlinde asishinikizwe kuongeza namba ili tasnifu ionekane nene. Na kwa mahojiano ya kina asitumie kanuni ya Yamane kabisa. Huko anachagua watu kwa kile wanachokijua, na anaeleza sababu ya kumchagua kila mmoja.

Zana ziongee lugha ya wanaoulizwa

Tasnifu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi huandaa hojaji kwa Kiingereza na kumpa mtoto wa kidato cha kwanza ambaye miezi michache iliyopita alikuwa akifundishwa masomo karibu yote kwa Kiswahili. Mtoto hujaza ili kumridhisha mgeni. Takwimu zikitoka, zinaonyesha kiwango cha Kiingereza chake na chuo kinazisoma kama maoni yake juu ya Hisabati. Sisitiza hojaji ya Kiswahili. Kama ilianza kwa Kiingereza, mtu wa pili ambaye hakuona asili aitafsiri kurudi Kiingereza, kisha nakala mbili zilinganishwe.

Kabla ya majaribio rasmi, afanye la haraka: akae na watoto watano, mmojammoja, kila mtoto asome swali kwa sauti na aseme amelielewaje. Swali kama "Mwalimu wangu anafundisha vizuri na ananitia moyo" litaanguka mara moja, kwa kuwa ni maswali mawili ndani ya moja. Mtoto mwenye mwalimu hodari lakini mkali hana pa kuweka alama. Atagundua pia watoto wanaoweka "nakubali sana" kila mahali. Ndipo baadaye kipimo cha Cronbach kikitoa 0.7 au zaidi, atajua kwamba kipimo hicho kinaonyesha maswali yanaendana, wala hakithibitishi kwamba yanauliza kilichokusudiwa.

Mahojiano yanukuliwe na kuchambuliwa kwa Kiswahili yalivyosemwa. Tafsiri ije mwishoni, kwa dondoo zitakazoingia kwenye tasnifu. Anayetafsiri kila kitu kwanza hupoteza muda mwingi, na kejeli ya mwalimu, kusita kwake na methali zake huachwa njiani.

Vibali, ridhaa na usalama wa watoto

Mpitishe kwenye njia ya vibali kabla hajaulizia. Kwa kawaida Tanzania Bara barua ya chuo humfikisha kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa Afisa Elimu wa Msingi au wa Sekondari, hatimaye kwa mwalimu mkuu au mkuu wa shule. Zanzibar ina wizara yake ya elimu na utaratibu wake. Kenya, leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI. Abebe nakala za kutosha, na ahesabu wiki za kusubiri ndani ya ratiba.

Kibali cha ofisi hakichukui nafasi ya ridhaa. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mzazi au mlezi aridhie, na mtoto mwenyewe aulizwe. Hapa pana jambo gumu katika shule zetu: mwalimu akisimama mbele ya darasa akasema "Mgeni huyu mjazieni fomu", hakuna mtoto atakayekataa. Mfundishe mwanafunzi kumwomba mwalimu atoke, kisha awaambie watoto kwamba anayetaka kuacha anaweza kuchora nyuma ya karatasi na hakuna atakayejua. Anayetafiti shuleni kwake mwenyewe, walio wadogo kwake kicheo watamwambia anachotaka kusikia. Ni bora darasa lake litafitiwe na mwenzake, au achague shule nyingine.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu pia majina na sauti zilizo kwenye simu ya mwanafunzi wako. Kuandika "Shule A" hakumfichi mtu ikiwa sentensi inayofuata inasema ni shule pekee ya bweni ya wasichana wilayani. Kubalianeni pia afanye nini mtoto akimweleza kwamba anapigwa vibaya au ananyanyaswa. Asimwahidi mtoto siri ya kila kitu. Awe na namba ya afisa ustawi wa jamii wa eneo hilo, aijue namba ya simu kwa mtoto, 116, na akupigie wewe siku hiyohiyo.

Akiwa uwandani, msikae kimya

Wasimamizi wengi humpoteza mwanafunzi siku anapopata kibali, wakaonana tena miezi minne baadaye. Mtake akutumie ukurasa mmoja kila Ijumaa: nimekutana na nani, nini kimenishangaza, nini kimeharibika, nitabadilisha nini. Soma, jibu mistari mitatu. Kosa la swali la hojaji likionekana shule ya kwanza linarekebishika. Likionekana shule ya nane ni msiba.

Mkumbushe uzito wa kunukuu mahojiano. Saa moja ya sauti huchukua kwa kawaida saa nne hadi sita kuandika. Mahojiano 15 ya dakika 45 ni zaidi ya saa 11 za sauti, yaani saa 45 hadi 67 za kazi. Aandike kila jioni mahojiano ya siku hiyo, na achambue mawili ya kwanza kabla ya kufanya la tatu. Katika uchambuzi wa dhamira, ule uliozoeleka tangu makala ya Braun na Clarke ya 2006, kaeni pamoja kurasa tatu za mwanzo. Kila mmoja aweke alama zake peke yake, kisha mlinganishe na mwulizane sababu. Saa mbili za kazi hiyo zitamfundisha kuliko maoni yako yote ya pembeni.

Kusoma rasimu

Soma mara ya kwanza bila kalamu. Ukimaliza, andika nusu ukurasa: nimeelewa hoja yako kuwa hii, mahali penye nguvu ni hapa, mambo matatu ya kushughulikia kwanza ni haya. Matatu yanatosha. Rasimu yenye alama mia mbili hurudi ikiwa na alama mia mbili zilizorekebishwa na hoja ileile iliyopinda. Mara ya pili soma ushahidi: kila dai limesimama juu ya data gani? Lugha iwe ya mwisho. Sahihisha ukurasa mmoja kwa ukamilifu, eleza kanuni, umwachie zilizobaki.

Maswali yako ya kawaida yawe machache na yarudiwe hadi ajiulize mwenyewe: Umejuaje? Nani anaweza kukupinga, na atasema nini? Ungeona nini kama ungekuwa umekosea? Yaulize ofisini, wala si mbele ya wenzake kwa sauti ya kumkaripia. Ukiwa na wanafunzi watano, wakutanishe mara moja kwa mwezi wasomeane kazi. Ataona kwa mwenzake kosa ambalo kwake mwenyewe halionekani.

Kuhusu akili unde, fuata taratibu za chuo chako na ongeza mambo mawili. Kila rejeo alilolitaja aweze kulifungua mbele yako na kukuonyesha ukurasa, kwa sababu programu hizo huzua vitabu visivyokuwepo kwa ujasiri mkubwa. Na kila sura aieleze kwa mdomo dakika kumi, bila karatasi. Anayejua kazi yake hana shida na dakika hizo, na zitamwandaa kwa siku ya utetezi.

Mipaka ya msimamizi

Mwanafunzi yuko chini ya uamuzi wako, na hali hiyo inadai uangalifu. Kutaneni ofisini, saa za kazi, mlango ukiwa wazi. Usimtume shughuli za nyumbani kwako. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Mwanafunzi aambiwe mapema na chuo, na wewe pia, ofisi gani ya kupeleka malalamiko. Makala ikitoka kwenye tasnifu yake, jina lake litangulie. Yeye ndiye aliyekwenda shuleni.

Panga mrejesho tangu mwanzo

Walimu na watoto hutoa muda wao, kisha tasnifu huenda kwenye rafu ya maktaba na shule haisikii lolote tena. Wakuu wa shule wanalikumbuka hilo, na mtafiti anayefuata hupokelewa kwa uvumilivu mdogo zaidi. Weka kwenye ratiba, pamoja na tarehe za sura, tarehe ya kurudisha matokeo: ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila shule, usemao tuliuliza nini, tuliona nini, na jambo gani mnaweza kulijaribu muhula ujao. Usitaje mwalimu wala kuumbua darasa.

Ukurasa huo una kazi nyingine kabla ya hapo. Siku unapokaribia kutia sahihi andiko la utafiti, mwambie mwanafunzi auandike kwa kukisia: kama kila kitu kitakwenda vizuri, utawaambia nini walimu hawa? Akishindwa kabisa kuandika kitu chochote ambacho mwalimu angeweza kukitumia darasani, usisaini bado. Mpe tena yale maswali manne, mpe wiki mbili, na mkae tena. Wiki hizo mbili ndizo za bei nafuu kuliko zote katika safari yake, na kumpa ni sehemu ya kazi uliyokabidhiwa.